Orodha ya Akaunti: Ifupishe Ili Ikujibu

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Siku hizi daftari lipo, tena ndani ya kompyuta, na kila jioni karani anaingiza mauzo na matumizi; habari yenyewe ndiyo haitoki. Mwenye duka akiuliza kama tawi la Morogoro limeleta faida au limekula mtaji, anakabidhiwa ripoti ya kurasa saba ambamo "Mafuta", "Dizeli", "Mafuta ya gari", "Usafiri" na "Safari Moro" zimekaa kila moja na mstari wake na kiasi chake. Programu haijakosea hesabu. Kila shilingi imeingia, debiti na krediti zimelingana. Kosa lilifanyika siku ya kwanza, pengine ndani ya nusu saa, wakati wa kupanga orodha ya akaunti, yaani yale majina ambayo kila muamala lazima uwekwe chini yake. Hoja ya makala haya ni moja: orodha nzuri ni fupi, kwa sababu akaunti ina kazi ya kujibu swali moja tu, "fedha hii ni ya nini?" Maswali mengine yote, ya nani, wapi na kwa kazi ipi, yana mahali pake kwingine ndani ya programu hiyo hiyo.

Mazoea ya kufungua akaunti kwa kila kitu hayakuzuka tu. Luca Pacioli alipochapisha maelezo ya uhasibu wa pande mbili mjini Venice mwaka 1494, leja ilikuwa kitabu cha karatasi, na njia pekee ya kujua mteja fulani anadaiwa kiasi gani ilikuwa kumpa ukurasa wake humo. Aliyetaka kujua zaidi alifungua kurasa zaidi. Kwenye karatasi hilo lilikuwa na mantiki, na vizazi vya makarani vimefundishwa hivyo. Programu ya uhasibu haifanyi kazi kama kitabu. Muamala mmoja unapoingizwa unabeba tarehe, mteja au muuzaji, bidhaa, tawi na akaunti kwa pamoja, na ripoti inaweza kupangwa kwa lolote kati ya hayo. Anayefungua akaunti inayoitwa "Mauzo kwa Mkandarasi wa Kihonda" anaitumia kompyuta kama daftari la karatasi. Jina la mteja lina leja yake ya wadaiwa, jina la muuzaji lina leja yake ya wadai, na bidhaa ina orodha yake ya stoo. Akaunti ikibeba mizigo ya hao wote, italemewa.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lenye makao Dar es Salaam na matawi Morogoro na Dodoma. Lina kazi mbili: kuuza vifaa, na kusafirisha mizigo ya wateja kwa malori yake. Tuseme lina aina 30 za matumizi, kuanzia kodi ya pango hadi walinzi. Mwenye duka anataka kuona kila tumizi kwa tawi na kwa kazi, na ana haki ya kutaka hivyo. Akiligawa kwa akaunti, atahitaji 30 mara tatu mara mbili, yaani akaunti 180 za matumizi peke yake, kabla hajagusa mali, madeni, mtaji wala mapato. Akifungua tawi la Iringa, zinaongezeka 60 nyingine kwa mkupuo. Lakini akibaki na akaunti 30, kisha akaweka lebo tatu za matawi na lebo mbili za kazi, ana majina 35 tu, na Iringa itaongeza jina moja. Ripoti atakazopata ni zile zile. Watengenezaji wa programu wameliona jambo hili, ndiyo maana karibu kila programu ina mahali pa lebo hizo: QuickBooks Online huziita Class na Location, Xero huziita Tracking Categories, TallyPrime huziita Cost Centres. Tena QuickBooks Online, katika kifurushi chake cha Plus, imeweka kikomo cha akaunti 250. Duka letu, kwa njia ya kuzidisha, lingegonga ukuta huo kabla tawi la nne halijamaliza mwaka. Lebo nazo zina kikomo, 40 kwa jumla katika kifurushi hicho, na Xero huruhusu makundi mawili tu kutumika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kabla ya kuchagua programu, hesabu kwanza matawi na kazi zako.

Tuuangalie muamala mmoja kwa karibu. Canter ya duka imejaza dizeli ya shilingi 150,000 kupeleka saruji ya mteja Morogoro. Karani aliyezoea orodha ndefu atatafuta "Mafuta Canter Moro", asipoiona ataifungua, na mwezi ujao mwenzake ataandika "Dizeli Moro" kwa sababu hakujua ya kwanza ipo. Kwa orodha fupi, karani anachagua akaunti "Mafuta ya magari", lebo ya tawi "Morogoro", lebo ya kazi "Usafirishaji", jina la kituo cha mafuta kwenye nafasi ya muuzaji, na kwenye maelezo anaandika namba ya gari na kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi. Ingizo moja limejibu maswali matano. Mwisho wa mwezi mwenye duka anaweza kuuliza mafuta yote yamegharimu kiasi gani, Morogoro pekee imetumia kiasi gani, au usafirishaji umejilipa au umebebwa na mauzo ya saruji. Na akilitilia shaka gari moja, maelezo yapo chini ya muamala wenyewe, hayahitaji akaunti yake.

Basi akaunti ipi inastahili kuwepo? Kipimo kina maswali mawili. La kwanza: nikiona kiasi hiki peke yake, kuna uamuzi wangu utakaobadilika? La pili: kuna mtu wa nje, awe mamlaka ya kodi, benki au mkaguzi wa hesabu, atakayekidai kiasi hiki peke yake? Majibu yakiwa hapana mara mbili, akaunti hiyo iunganishwe na jirani yake. Karatasi, wino wa printa, kalamu na stempu havina sababu ya kukaa nyumba nne. "Vifaa vya ofisi" inatosha. Kipimo hiki hakitoi orodha moja kwa biashara zote. Kwenye duka letu, umeme ni taa na feni, unaweza kukaa pamoja na maji. Kwenye mashine ya kusaga nafaka, umeme ndio gharama inayoamua bei ya kusaga debe. Huko unastahili akaunti yake, tena ndani ya gharama za mauzo, juu ya mstari wa faida ghafi, si chini pamoja na chai ya ofisi.

Swali la pili ndilo linalozuia ufupi usigeuke upofu, na kwa Tanzania Bara jibu lake kubwa liko kwa mamlaka ya kodi, TRA. VAT ya kiwango cha kawaida cha asilimia 18 inahitaji angalau akaunti mbili, moja ya kodi uliyotoza kwenye mauzo na nyingine ya kodi uliyolipa kwenye manunuzi, ili marejesho ya kila mwezi, yanayotakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, yasomwe moja kwa moja kutoka kwenye leja. Kwa aliye Kenya kiwango ni 16, lakini muundo haubadiliki. Kodi ya zuio nayo ina sura mbili ambazo wengi huzichanganya. Ukilipa pango la shilingi 1,000,000, unazuia asilimia 10 na mwenye nyumba anapokea 900,000. Gharama yako ni milioni nzima, na ile 100,000 ni deni lako kwa serikali mpaka uiwasilishe. Upande wa pili, ukiuzia taasisi ya serikali vifaa vya 5,000,000 kabla ya VAT, nayo ikakuzuilia asilimia mbili, mauzo yako yanabaki milioni tano, na 100,000 iliyozuiwa ni mali yako itakayopunguza kodi ya mapato mwisho wa mwaka. Anayeandika kiasi kilichoingia benki tu amepunguza mauzo yake kwenye vitabu na papo hapo amepoteza kumbukumbu ya kodi aliyokwisha kulipa.

Mishahara inafuata kanuni hiyo hiyo. PAYE (kodi ya mishahara), NSSF (hifadhi ya jamii), WCF (fidia kwa wafanyakazi) na SDL (tozo ya ujuzi) kila moja hudaiwa na taasisi ya nje kwa kiasi chake, basi kila moja iwe na akaunti yake upande wa madeni. Mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 600,000 ana mchango wa NSSF wa 120,000 kwa mwezi. Ukigawanywa kwa mtindo uliozoeleka wa nusu kwa nusu, 60,000 imo tayari ndani ya mshahara wake na 60,000 ni nyongeza ya mwajiri. Gharama ya kweli, ukiacha WCF na SDL, ni 660,000. Anayeandika mshahara wa 600,000 kisha akaandika malipo yote ya NSSF kama gharama, amehesabu 60,000 mara mbili, mwezi baada ya mwezi. Faini pia zikae peke yake, kwa sababu faini za kuvunja sheria hazikubaliki kupunguza mapato yanayotozwa kodi. Na mali za kudumu zipangwe kwa madaraja ya uchakavu ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004: kompyuta pamoja na malori ya kubeba chini ya tani saba daraja la asilimia 37.5, malori mazito asilimia 25, samani za ofisi asilimia 12.5. Akaunti moja inayoitwa "Vifaa na magari" itamlazimu mhasibu kufukua ankara za miaka kadhaa kila anapoandaa hesabu za mwisho.

Upande wa fedha, kanuni ni nyepesi zaidi: kila mahali pa fedha panapoweza kuhesabiwa au panapotoa taarifa yake pawe na akaunti. Droo ya keshi ni moja, akaunti ya benki ni moja, na kila lipa namba ni moja. Wapo wanaoona lipa namba ni njia tu ya kupeleka fedha benki, hivyo huandika kile kilichofika benki. Mkandarasi aliyesajiliwa VAT analipa 1,180,000 kwa simu. Tuseme mtandao unakata ada ya 5,000, na siku mbili baadaye 1,175,000 inaingia benki ikiwa imechanganyika na malipo mengine. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ilitoa risiti ya 1,180,000. Karani akiandika kilichofika benki, mauzo kwenye leja hayatalingana kamwe na ripoti ya Z, yaani jumla ya siku ya mashine hiyo. Lipa namba ikiwa na akaunti yake, inapokea 1,180,000: milioni moja inaenda kwenye mauzo na 180,000 kwenye VAT, kisha 5,000 inatoka kama ada na 1,175,000 inahamia benki. Salio likisalia, kuna fedha haijahamishwa au ingizo limekosewa, na kosa linaonekana siku hiyo hiyo.

Akaunti nyingine isiyokosekana ni ya mwenye biashara mwenyewe. Ada ya shule ya watoto iliyotoka kwenye droo si gharama ya duka, na kuificha ndani ya "Mengineyo" kunafanya mambo mawili mabaya kwa pamoja: duka linaonekana halilipi, na mwenye duka anajidanganya kuhusu anachokula. Kwa duka la mtu mmoja, iwekwe "Matumizi ya mwenye mali" chini ya mtaji. Kwa kampuni, iwe akaunti ya mkurugenzi, inayoonyesha wazi nani anamdai nani.

Wapo watakaopinga kwamba orodha fupi inaficha wizi: kadiri vitu vinavyotajwa kimoja kimoja, ndivyo mwizi anavyokosa pa kujificha. Hoja hii inavutia, lakini ukweli ni kinyume chake. Mafuta ya 900,000 yaliyotawanyika kwenye akaunti sita yanaonekana kama vijimatumizi sita vya kawaida. Yakiwa mahali pamoja, yakilinganishwa na mwezi uliopita, yanapiga kelele. Wizi huzuiwa na vocha iliyosainiwa, risiti iliyoambatishwa, na mtu anayeidhinisha kuwa tofauti na anayelipa. Kazi ya akaunti ni kukusanya vinavyofanana ili tofauti ionekane. Anayetaka undani ataupata kwa kufungua muamala.

Wengine watasema orodha inakuja tayari ndani ya programu, imepangwa na wataalamu, kwa nini tuiguse? Inakuja kweli, na mpangilio wake mkuu wa mali, madeni, mtaji, mapato na matumizi ubaki. TallyPrime huanza na makundi 28 lakini leja mbili tu, ya keshi na ya faida na hasara, ikimwachia mtumiaji kujaza. QuickBooks huleta majina mengi zaidi, yanayotegemea aina ya biashara uliyotaja. Lakini programu inayouzwa nchi nyingi haiwezi kujua habari za WCF, za cheti cha kodi ya zuio, wala za lipa namba zako tatu. Orodha hiyo ichukue kama nyumba ya kupanga: kuta usizibomoe, ila vyumba usivyovihitaji vifunge, na unavyovihitaji vitie majina yako.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaofanya biashara Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko mfanyabiashara hana uhuru wa kujitungia, maana nchi hiyo iliingia OHADA, umoja wa sheria za biashara, mwaka 2012, na mfumo wa uhasibu wa umoja huo, SYSCOHADA, unaagiza akaunti na namba zake: daraja la sita ni gharama, la saba ni mapato, 52 ni benki, 57 ni keshi. Je, ushauri huu haumhusu mwenye duka la Lubumbashi au Bukavu? Unamhusu, na sheria yake inaunga mkono hoja hii kuliko mfano mwingine wowote. Mfumo huo umepanga gharama kwa asili yake katika daraja la sita, na uchambuzi wa gharama kwa kazi au idara ukatengewa daraja la tisa, pembeni kabisa. Waliotunga walijua kwamba "ya nini" na "kwa kazi ipi" ni maswali mawili. Na toleo lililoanza kutumika 2018 liliipa fedha ya kielektroniki namba yake, 55, na ya simu ikiwa tawi humo, tofauti na benki na tofauti na keshi. Tanzania hakuna sheria inayoiagiza kampuni binafsi orodha maalum, lakini hakuna kinachotuzuia kujifunza kwa jirani.

Kwa ambaye orodha yake tayari imevurugika, marekebisho yanawezekana, ila yawe na mpangilio. Chagua mwanzo wa mwaka wa fedha, ili mwaka mzima usomeke kwa lugha moja. Kabla ya kugusa chochote, chapisha urari na uhifadhi nakala ya data. Andika kwenye karatasi kila akaunti ya zamani na mpya itakayoipokea. Zinazofanana ziunganishe, zilizokwisha kazi zifunge zisitumike tena, usizifute, maana kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa kwa miaka isiyopungua mitano na muamala wa zamani lazima uwe na mahali pa kusomeka. Ukimaliza, chapisha urari tena: jumla ya mali, madeni na mtaji isiwe imesogea hata senti. Namba ziachiane nafasi, kwa mfano mali zianze 1000, madeni 2000, mtaji 3000, mapato 4000, gharama za mauzo 5000, matumizi 6000, na ndani yake ruka kwa kumi kumi, ili akaunti mpya ipate pa kukaa bila kuvuruga foleni.

Mwisho, ruhusa ya kufungua akaunti mpya awe nayo mtu mmoja tu, kwa sababu orodha haiharibiki kwa siku moja. Huharibiwa na karani mwenye haraka saa kumi na moja jioni. Karani aliyekwama aweke muamala kwenye akaunti ya kusubiri maelezo, na akaunti hiyo isomwe na kufikishwa sifuri kila mwisho wa mwezi kabla vitabu havijafungwa. "Mengineyo" nayo ipewe mpaka: ikizidi asilimia tano ya matumizi yote ya mwezi, ifunguliwe ichambuliwe. Leo, kabla ya kuzima kompyuta, chapisha orodha yako ya akaunti, chukua kalamu, na pembeni ya kila jina andika swali linalojibiwa na jina hilo. Jina litakalokosa swali, lifunge.